Bidhaa Ikishauzwa Hairudishwi?

Ni maduka machache mjini petu yasiyokuwa na karatasi iliyobandikwa ukutani, yenye maneno ya kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Karatasi hiyo tumeizoea hata hatuisomi tena. Walakini ndani ya maneno yake mna suala kubwa la dini na la utu, nalo ni hili: Je, mtu aweza kujivua dhima kwa kutangaza kwamba hana dhima?

Lililotukumbusha jambo hili ni kisa cha mmoja katika wenzetu wa darsa. Alinunua friji iliyokwisha kutumika, apate kumhifadhia mamake dawa ya sukari, nayo ni dawa isiyostahimili joto la mji wetu. Usiku wa nne friji ilinyamaza na dawa ikaharibika. Alipoirudisha alionyeshwa ile karatasi. Alipokuwa akitoka, kijana wa dukani alimnong'oneza kwamba friji ile ilikwisha kurudishwa mara moja na mnunuzi mwingine, kwa aibu ile ile. Basi muuzaji alijua. Tena karatasi yake ilikwisha kuvunjwa, kwa ajili ya mtu aliyekuwa na sauti kubwa kuliko mwenzetu.

Imepokewa na Imam Muslim kwa Abu Huraira kwamba Bwana Mtume (S.A.W.) alipita sokoni akaona rundo la chakula, akatia mkono wake ndani, vidole vikapata maji. Mwenyewe alipoulizwa, alijibu kwamba limenyeshewa na mvua. Mtume hakumlaumu kwa mvua, kwani mvua haizuiliki. Alimlaumu kwa kutoiweka juu ile iliyolowa ili watu waione, akaonya kwamba mwenye kughushi hana sehemu naye. Tazameni, ndugu zetu: nafaka ya juu ilikuwa kavu kweli, na yule mtu hakutamka uwongo hata neno moja. Uwongo ulisemwa na mpango wa rundo lake.

Ama kuhusu ile karatasi, wanazuoni wetu hawakuliacha jambo hili bila ya kulieleza. Mnunuzi akiona aibu iliyokuwamo katika kitu kabla hajakipokea, ana hiyari ya kukirudisha. Na katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu pwani hii, muuzaji akishurutisha kwamba hana dhima ya aibu yoyote, kauli yenye nguvu ni kwamba sharti hilo halimwokoi, isipokuwa kwa aibu ya ndani ya mnyama ambayo yeye mwenyewe hakuijua. Kwani mnyama hula na kunenepa ilhali ndani ana maradhi.

Huenda mwenye duka akasema: Mashini nayo ni kama mnyama, ndani yake hamuonekani, nami sikuiunda. Hoja hii si ya kudharauliwa, kwani mfanyabiashara mdogo hununua maboksi yaliyofungwa na huuza yaliyofungwa, na yule aliyemuuzia hapokei tena kitu mkononi mwake. Lakini hata tukimkubalia kiasi hiki, ruhusa hiyo yamhusu asiyejua. Mwenye kujua akanyamaza, hapana madhehebu yanayomhalalishia ukimya wake. Sheria ya nchi nayo yaelekea huko huko: Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 46, yampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa za kiwango kinachostahili, na haki ya kupewa habari zinazohitajika ili afaidike nazo.

Wala dhima si ya muuzaji peke yake. Magari mengi tunayoyanunua hufika Kilindini kutoka Japani yakiwa yamekwisha kutumika, na sheria hairuhusu kuingizwa yaliyozidi umri wa miaka 8. Toka hapo hupita mikononi mwa madalali na mafundi, na katika mikono hiyo mita ya maili huweza kurudishwa nyuma na bati lililooza likafunikwa kwa rangi. Fundi ajua. Dalali ajua. Kila mmoja husema: Si mimi niliyeuza. Hebu na wakumbuke habari za Sahaba Wathila bin al-Asqaa, aliyemwona mtu amenunua ngamia naye yuaenda zake. Akamkimbilia akamuuliza kama amemnunua kwa nyama au kwa safari, kisha akamjulisha kwamba mguu wa mnyama yule una tundu. Muuzaji alimlaumu kwa kumharibia biashara yake. Wathila akamjibu kwamba alimsikia Mtume akieleza kuwa si halali kuuza kitu bila ya kubainisha yaliyomo, wala si halali kwa ajuaye kutobainisha. Wathila hakuwa muuzaji wala mnunuzi. Alikuwa ni mtu aliyejua tu.

Msidhani, wasomaji wetu, kwamba haya ni maradhi ya vijiduka vyetu tu. Mwaka 2015 ilidhihirika kwamba kampuni ya Volkswagen ya Ujerumani ilitia katika magari ya dizeli yapatayo milioni 11 programu iliyotambua kuwa gari linapimwa, ikapunguza moshi wa sumu wakati huo tu. Likitoka barabarani moshi ukarejea. Hii ni ile hila ya kumwacha mnyama siku kadhaa bila kukamwa ili kiwele kijae siku ya kuuzwa, ambayo Mtume aliikataza akampa mnunuzi hiyari. Na mwaka 2017 kampuni ya Apple ilikiri kwamba simu zake kuukuu, betri ikichoka, hupunguzwa kasi ili zisizimike ghafla. Mwaka 2020 Ufaransa iliitoza faini ya yuro milioni 25, si kwa kupunguza kasi, bali kwa kutowajuza wenye simu. Kosa lililoadhibiwa ni kunyamaza.

Kadhalika vifungashio. Pakiti ni ile ile, rangi ni ile ile na bei ni ile ile, bali uzito umepungua: nambari ndogo chini yasema kweli, na ukubwa wa pakiti wasema uwongo. Tangu tarehe 28 Agosti 2017 Kenya imepiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, nalo ni jambo la kheri kwa bahari yetu. Lakini wako wauzao vikombe na sahani zilizoandikwa kwamba huoza, ilhali plastiki itokanayo na wanga wa mahindi huoza upesi katika mitambo maalumu yenye joto la kama digrii 60. Ikitupwa pwani hukaa muda mrefu. Neno ni kweli mtamboni, si kweli ufukweni. Wahenga wetu walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Leo kibaya nacho chajiuza, kwa kuwa kimevishwa nguo ya kizuri.

Sasa tujitazame na sisi tununuao. Wangapi wamevaa nguo siku ya arusi, kisha wakairudisha dukani asubuhi wakidai kwamba haiwaenei? Wanazuoni wale wale waliotupa hiyari ya kurudisha wameshurutisha kwamba mwenye kuona aibu afanye haraka, wala asiendelee kukitumia kitu. Na wangapi kati yetu walalamikao kudanganywa kwa gari, siku ya kuliuza huliosha, hulipasha moto mapema ili lisikohoe, wakamwachia mnunuzi atafute mwenyewe? Tukifanya hivyo, sisi na yule wa friji tu duka moja.

Kwa hiyo twawanasihi ndugu zetu wenye maduka waishushe ile karatasi, waandike nyingine: Aibu tuijuayo tutakueleza, tusiyoijua, irudishe. Huenda wakapoteza faida ya siku moja. Mwenzetu yule hakusikitikia fedha zake sana kama alivyosikitikia kwamba alipokuwa akihesabu noti alimweleza muuzaji friji ni ya nini, na muuzaji akamwombea mamake afya.