Nyoka wa Barua ya Gandhi

Huku Miono nyoka akionekana shambani haulizwi nia yake. Yowe moja, jembe juu, basi. Silaumu. Anayepalilia ameinama, miguu peku, atapata wapi nafasi ya kutafakari?

Lakini swali la kumuua au kumwacha lilipata kuulizwa kwa barua, na jibu lake hunijia palizini.

Mwaka 1893 kijana Mohandas Gandhi, akielekea Afrika Kusini, alipita Lamu na Mombasa, akakaa siku kadhaa Unguja, ng'ambo tu ya pwani yetu, akingoja meli. Mwaka uliofuata, huku rafiki zake Wakristo na Waislamu wakimvuta kila mmoja upande wake, akamwandikia Shrimad Rajchandra maswali 27. La mwisho: nyoka akinijia kuniuma, nimwache au nimuue?

Rajchandra, mfuasi wa dini ya Kijaini, mzaliwa wa Vavaniya, Gujarat, alimzidi Gandhi kwa umri miaka miwili hivi. Mwaka 1887 alikuwa amewaduwaza watu wa Bombay kwa kushika mambo mia kichwani kwa wakati mmoja. Sifa zilipozidi, akaacha maonyesho hayo. Hakuwa mtawa. Alikuwa na mke, watoto na biashara ya vito.

Kuhusu nyoka, alijibu kwanza kwamba anasita kumwambia mtu akubali kuumwa. Kisha akasema: aliyekwisha kujua kwamba mwili hupita, atawezaje kumuua kiumbe anayeupenda wake? Na asiyejua? Hata huyo alisita kumshauri aue.

Mimi hukaa sana kwenye kule kusita. Dini yake haina utata juu ya kutodhuru, angeweza kuamuru tu. Badala yake alipima kwanza uzito wa mzigo kabla ya kumtwisha mwenziwe. Walimu wangapi hufanya hivyo?

Alifia Rajkot mwaka 1901, akiwa na miaka 33. Picha wanayoiheshimu wafuasi wake inamwonyesha ameketi, mbavu zahesabika, macho hayaombi kitu. Gandhi alimsifu maisha yake yote, ila aliandika kwamba hakuweza kumketisha moyoni kuwa guru wake, yaani mwalimu wake wa kiroho. Kiti kile kilibaki wazi. Sidhani kama Rajchandra angekigombea.

Jirani yangu mmoja, mzee wa makamo, nilimsimulia habari hii tukipumzika chini ya mwembe. Alisikiliza hadi mwisho, akatafuna kidogo, kisha akauliza:

"Huyo nyoka alikuwa swila au chatu? Maana chatu hana sumu, mwanangu."

Barua haisemi.