KUPONA NI AMANA
Mtu aliyepasuliwa moyo akiendelea kunywa dawa, je, amepungukiwa na tawakkul?

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa njema zote ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba wake. Amma baad.



Ijumaa hii tunazungumza juu ya swali linaloulizwa baada ya swala, barazani na hata matangani. Mgonjwa wetu alikuwa na ugonjwa wa moyo. Jamaa walikusanya franga, msikiti ukachangia, akapelekwa mbali, akapasuliwa, akarudi anatembea kwa miguu yake. Tukasema alhamdulillah. Sasa mwaka umepita na bado anameza vidonge kila siku, na siku nyingine analia bila mtu kumkosea. Je, amepona au hajapona? Na kama Mwenyezi Mungu amemponya, vidonge ni vya nini?

Swali hili si la mchezo. Tumekwisha kumzika mama kijana kwa sababu ya jibu baya la swali hili. Alikuwa na vali ya chuma ndani ya moyo. Watu wake wa karibu, kwa mapenzi kabisa, walimwambia: "Umekwisha pona, acha kujiita mgonjwa." Akaacha dawa. Haikupita miezi mingi, damu ikaganda. Jina lake tunalisitiri, Mungu amrehemu na awasamehe wote. Lakini jambo lenyewe hatuwezi kulinyamazia.

KWANZA: TUJUE KILICHOFANYIKA KIFUANI

Moyo ni pampu. Unapiga kama mara 100,000 kwa siku, usiku na mchana, bila wewe kuuamuru. Ndani yake mna milango minne, inaitwa vali. Kazi yake ni kuiacha damu ipite mbele na kuizuia isirudi nyuma.

Kwetu Afrika, vijana wengi wanaharibikiwa na milango hiyo kwa ajili ya ugonjwa wa koo wa utotoni ambao haukutibiwa. Mtoto analalamika koo, baadaye viungo vinavimba na kuuma, homa inapanda, kisha yote yanapoa na watu wanasahau. Kumbe mwili katika kupigana na vijidudu vile umeujeruhi moyo wenyewe. Miaka inapita. Msichana anaanza kuhema akiteka maji, miguu inavimba, hawezi kulala chali. Hapo ndipo wengine wanasema amerogwa. Penisilini ingetolewa mapema kwa lile koo, mara nyingi mambo yasingefika huko.

Elimu ya kutibu moyo haikuanza jana, na Waislamu wana fungu lao ndani yake. Ibn al-Nafis, mzaliwa wa nchi ya Sham aliyefanya kazi Misri, aliandika mwaka 1242 kwamba damu inatoka upande wa kuume wa moyo, inapita katika mapafu, ndipo inaingia upande wa kushoto. Mwaka 1628 Mwingereza William Harvey akaeleza mzunguko wa damu mwilini mzima. Tarehe 6 Mei 1953, mjini Philadelphia, Marekani, Daktari John Gibbon alimpasua moyo msichana wa miaka 18, na mashine ikafanya kazi ya moyo na mapafu yake kwa dakika 26. Alipona. Leo kazi hiyo inafanyika hata karibu nasi: Dar es Salaam kuna Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete tangu mwaka 2015, na karibu na Khartoum shirika la EMERGENCY la Italia lilifungua kituo cha Salam mwaka 2007, wakapasua watu wa nchi nyingi za Afrika bila kuwadai malipo.

Na kupasuliwa kwenyewe kukoje? Mfupa wa katikati ya kifua unakatwa kwa msumeno. Damu inapelekwa katika mashine. Moyo unasimamishwa. Vali iliyoharibika inatengenezwa, au inatolewa na kuwekwa nyingine. Kisha moyo unarudishiwa damu yake nao unaanza kupiga tena, na mfupa unafungwa kwa nyuzi za chuma.

Vali mpya ni za aina mbili. Ya chuma inadumu sana, lakini damu inapenda kuganda juu yake, kwa hiyo mwenye nayo anakunywa dawa ya kuzuia damu kuganda maisha yake yote. Ya mnyama, wa ng'ombe au wa nguruwe, mara nyingi haidai dawa hiyo maisha yote, lakini inachakaa, na kwa vijana inachakaa haraka zaidi, hata kupasuliwa tena. Wanaouliza juu ya ile ya nguruwe wajue kwamba wanazuoni wengi wameiruhusu kwa dharura pasipo nyingine, na mgonjwa ana haki ya kumwuliza daktari kama ya ng'ombe ipo.

PILI: JE, KIDONGE KINAPINGANA NA TAWAKKUL?

Anayesema "Mungu ameponya, dawa ya nini" ana neno moja la kweli mkononi: mponyaji ni Allah peke yake. Na anaogopa jambo la haki, kwamba moyo wa mtu utaegemea kidonge na kumsahau Mola. Hofu hiyo tusiicheke. Lakini ugonjwa huo uko katika nia, na nia haitibiwi kwa kutupa vidonge.

Tutazame kisa cha Nabii Ayyub (a.s.). Mola wake alipotaka kumponya hakushindwa kumponya bila kitu chochote. Hata hivyo alimwamuru apige ardhi kwa mguu wake, maji yakatoka, akaoga na akanywa. Mtu amedhoofika, bado anaambiwa anyanyue mguu! Na Mtume wetu (s.a.w.) alimfundisha yule mwenye ngamia kwamba amfunge kwanza, ndipo amtegemee Mungu.

Tena tuulizane. Kama tawakkul ni kuacha sababu, kwa nini tulichanga na kumpeleka? Tulikubali kifua kifunguliwe na moyo usimamishwe. Mkono uliokubali kisu unakataaje kidonge? Kisu kilikuwa kazi ya saa chache, kidonge ni mwendelezo wa kazi ileile.

Kwa hiyo jibu ni hili: kupona ni amana. Mtu akikuwekea mbuzi wake, humwachi nje usiku ukisema mwenyewe atamlinda. Unamfunga, unamlisha, na asubuhi unamhesabu. Uzima uliorudishwa nao ni mali ya Mwenyewe. Ameuweka kwetu, na atauliza tuliulindaje.

TATU: AMANA HII INALINDWA NA NANI?

1. Mgonjwa. Anywe dawa yake kila siku saa moja ileile. Apime damu katika labo kama alivyoagizwa. Kipimo kinaitwa INR: kwa mtu asiyekunywa dawa hii ni karibu na 1, na kwa mwenye vali ya chuma madaktari mara nyingi wanataka kiwe kati ya 2 na 3 na nusu, kadiri ya vali yake. Kikishuka, damu inaganda. Kikipanda mno, anavuja damu. Sombe, lengalenga na matembele si haramu kwake, lakini majani mabichi ya namna hiyo yanapunguza nguvu ya dawa. Ale kwa kipimo kisichobadilikabadilika, asile wiki moja kila siku na wiki nyingine asiguse. Asipigwe hijama, asinywe mizizi wala dawa nyingine kabla ya kumwuliza daktari, kwa maana jeraha dogo kwake linaweza kutoka damu nyingi. Na mwanamke mwenye dawa hii azungumze na daktari kabla ya kubeba mimba, kwa sababu inaweza kumdhuru mtoto tumboni.

2. Jamaa wa nyumbani. Mfupa wa kifua unahitaji kama miezi miwili au mitatu kuunga. Katika muda huo mama huyu hawezi kubeba bidoni la maji, kutwanga wala kumfunga mtoto mgongoni. Si uvivu. Baba, kaka, watoto wakubwa, chukueni kazi hizo. Akiumia kusujudu, aswali amekaa na aashirie kwa kichwa. Dini ilikwisha kumfungulia mlango huo.

Na machozi yake yasiwatishe. Madaktari wanajua kwamba wengi waliopasuliwa moyo hukaa wiki nyingi na huzuni, ndoto mbaya, usahaulifu na kukosa hamu ya kula. Mwenye vali ya chuma anaweza kuusikia moyo wake usiku ukilia kama saa ya ukutani, na anaogopa kulala asije akasikia umenyamaza. Mtu huyo msimwambie hana imani. Nabii Yaaqub (a.s.) alilia mpaka macho yake yakawa meupe, na alikuwa nabii. Kaeni naye, mwacheni aseme. Huzuni ikizidi kukaa, arudishwe kwa daktari.

3. Jamaa ya msikiti. Hapa tunajua kuchanga kwa ajili ya safari. Mgonjwa akiondoka tunamsindikiza kwa dua, akirudi tunamlaki kwa takbira, na kikapu kinafungwa. Lakini aliyerudi na vali ya chuma anahitaji franga za vidonge mwezi huu, na mwezi ujao, na miaka inayokuja. Mara nyingi anayeacha dawa haachi kwa sababu ya imani. Anaacha kwa sababu hana kitu, naye anaona haya kuomba tena, kwa hiyo anasema "nimepona." Sadaka ya takbira inaonekana na watu wote. Ya kidonge cha mwezi wa kumi na nane haionekani na mtu, na huenda ndiyo nzito zaidi katika mizani.

Tunashauri basi kila mtaa ujue wagonjwa wake wa namna hii, na watu wawili waaminifu wapite kila mwezi kuuliza kwa siri: dawa ipo? damu imepimwa? Na mwenye mtoto analalamika koo pamoja na homa, asingoje. Ampeleke kituo cha afya leo.

Ewe Mola wetu, wape shifaa wagonjwa wetu, wape subira wanaowauguza, warehemu waliotutangulia, na utufanye walinzi wema wa uzima uliotukabidhi. Amin.

Wabillahi tawfiq.