Kumsamehe Fundi na Kumlipa Fundi ni Mambo Mawili



Kuna swali ambalo watu huniletea baada ya ibada, wakiwa wamenivuta kando: "Pasta, fundi amenifanyia kazi mbaya, na ni ndugu tunayeabudu naye. Nimlipe?" Leo ni geti, kesho ni kabati, mwezi ujao ni tangi lililowekwa juu ya nguzo zinazoyumba. Hapa kwetu, kuanzia Othaya mpaka Naro Moru, karibu kila boma lina kitu kilichojengwa na fundi aliyeitwa kwa simu, bila mkataba, kwa kuaminiana tu. Kuaminiana huko kukivunjika, hata kwenye ushirika watu hukaa mbalimbali.

Wengi huona kama Neno linavuta pande mbili. Mambo ya Walawi 19:13 inakataza ujira wa kibarua kulala kwako mpaka asubuhi, na Yakobo 5:4 inasema kilio cha mfanyakazi aliyenyimwa ujira humfikia Bwana. Lakini Mithali 11:1 inatuambia Mungu anachukizwa na mizani ya udanganyifu. Sasa kazi mbovu inayodaiwa bei ya kazi nzuri, si hiyo pia ni mizani ya udanganyifu? Basi mtu anadhani ni lazima achague: alipe anyamaze aitwe mwenye huruma, au ashikilie pesa zote aitwe mkali. Mimi naamini njia zote mbili ni za mkato.

Niwape mfano wangu. Mwaka jana, mwezi wa nne, nilitaka nyumba ya kuku wa kienyeji 60. Kwa hesabu ya kuku wanne kwa kila mita moja ya mraba, nilihitaji mita 15, yaani mita tatu kwa tano. Niliandika vipimo kwenye karatasi, tukakubaliana na fundi, ndugu katika Bwana, alipwe shilingi 18,000 za kazi, vifaa ninunue mimi. Nikampa 8,000 za kuanzia. Vifaranga nilikuwa nimeshaviagiza.

Alipomaliza, mvua ya kwanza ilionyesha mambo. Misumari ya mabati ilikuwa imepigwa bondeni, mahali maji yanapopita, badala ya mgongoni. Waya wa kahawa, ule mgumu wa kuanikia kahawa, niliununua kwa sababu ya nguchiro, lakini uliishia kiganja kizima juu ya sakafu. Mlango haukufunga. Nafasi ya hewa chini ya paa ilizibwa kwa mbao. Na nguzo mbili zilikuwa zimepinda.

Nilimwendea peke yake, kama Mathayo 18:15 inavyofundisha, nikiwa na karatasi na futi ya kupimia. Sikumpigia mtu mwingine simu kwanza. Akaniambia, "Pasta, si ni kuku tu? Hii si bangalo. Na wewe ni mtu wa Mungu, utanielewa."

Hebu tusikilize maneno hayo vizuri, kwa sababu yana mafundisho mawili ndani yake, na yote mawili si sawa.

La kwanza ni "ni kuku tu." Mithali 12:10 inasema mwenye haki hujali uhai wa mnyama wake. Hapa Nyeri tuko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa saba baridi na ukungu wetu mnaujua. Kifaranga kikilala kwenye maranda yaliyolowa kinaugua. Na nyumba isiyopitisha hewa hujaa ile harufu kali ya kinyesi inayochoma macho na mapafu ya kuku. Zaidi ya hayo, kuku hao ni karo ya mtu na dawa ya shosho. Kumbukumbu la Torati 22:8 iliamuru kila anayejenga nyumba aweke ukingo juu ya dari ili mtu asianguke. Mungu aliingia mpaka kwenye kipimo cha ujenzi! Hakusema ni dari tu.

La pili ni "wewe ni mtu wa Mungu, utanielewa." Hapo ndipo tunapochanganya msamaha na deni. Msamaha ni kazi ya moyo wangu: nisimchukie, nisimlipize kisasi, nisimchafulie jina. Deni ni hesabu ya kitu tulichokubaliana. Naweza kumsamehe leo asubuhi na bado mlango wa kuku haufungi. Zakayo alipokutana na Yesu alipokelewa kwa neema, na papo hapo akaahidi kurudisha mara nne kwa wale aliowadhulumu. Neema haikufuta hesabu. Ilimpa moyo wa kuilipa.

Lakini haki inadai nami nigawe makosa vizuri. Zile nguzo zilipinda kwa sababu mbao iliyouzwa kama kavu ilikuwa mbichi. Hiyo ni shauri la muuza mbao, fundi hana kosa. Nafasi ya hewa aliiziba akidhani anawakinga kuku na baridi. Alikosea, lakini kwa nia njema. Misumari, waya na mlango, huo ulikuwa uzembe. Mtu anayesema "kazi yote ni takataka, sikulipi hata shilingi" amemwibia fundi zile siku alizofanya vizuri. Mungu wa Walawi 19 atamuuliza.

Tulikubaliana arudi. Alirudi siku mbili, akashusha waya, akarekebisha mlango, akafungua hewa. Paa hakulimaliza, na vifaranga walikuwa njiani. Nilimwita fundi mwingine kwa 3,000. Zilizobaki kwenye zile 10,000 zilikuwa 7,000, na nilimlipa jioni hiyo hiyo, nikimwonyesha hesabu. Hakufurahi. Tunasalimiana, lakini si kama zamani, na jambo hilo linaniuma. Haki haikuahidi kutuachia urafiki ulivyokuwa.

Kuna mtu aliniambia, "Pasta, ungemwachia tu hizo 3,000." Ningeweza, na si dhambi. Lakini huruma ina jina. Ukisema, "Ndugu, hapa ulikosea, hasara ni 3,000, nami nimekuachia," hiyo ni huruma, na yeye anajua amepewa zawadi. Lakini ukisema "sawa tu" halafu uende kumsema kwenye chama, hukuhurumia mtu. Umemnyima ukweli na jina kwa pamoja. Na ukinyamaza kabisa, nani analipa? Mteja anayefuata. Pengine ni mjane wa Mukurweini ambaye pesa zake zote ziko kwenye paa hilo. Ukimya wangu ungekuwa ukarimu kwa pesa ya mtu mwingine.

Wengine huuliza habari za sheria. Katiba yetu ya 2010, Ibara ya 46, inampa mtumiaji haki ya bidhaa na huduma za ubora unaofaa. Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja. Kujua haki yako si kukosa imani. Lakini kwa ndugu wawili, Paulo katika 1 Wakorintho 6 anatutaka tutafute kwanza mwenye hekima miongoni mwetu. Wazee wetu wako. Watumieni kabla maneno hayajaoza.

Kwenu mafundi: katika Kutoka 31, Besaleli alijazwa Roho wa Mungu kwa ajili ya kazi ya mikono, kuchora, kuchonga, kufanya vyuma na mbao. Roho yule tunayemwita hapa Jumapili ni yule yule. Anaona msumari ulikopigwa.

Na kwenu wenye kazi: andika vipimo, hata kwenye karatasi ya daftari. Usimbane fundi bei mpaka akose nauli halafu udai kazi ya mhandisi. Gawa malipo: ya kuanzia, ya katikati, na ya mwisho baada ya kukagua pamoja, ikiwezekana baada ya mvua moja. Wakandarasi wakubwa wamezoea hivyo. Sehemu ya pesa hushikiliwa mpaka kasoro zirekebishwe, na hakuna anayeona ametukanwa.

Mkishakagua, mwambie ukweli uso kwa uso, na unachomdai au unachomwachia kitajwe wazi. Kilicho chake kisilale kwako mpaka asubuhi.