Kosa la Mgawaji

Kugawa ni kazi ya amana. Agawaye chakula, shamba au urithi hutazamwa na macho mengi, kwa kuwa fungu la kila mtu limo mkononi mwa mwingine. Agawaye karata yumo katika hali iyo hiyo, ijapokuwa fungu lake ni la mchezo. Akikosea, yaani akiangusha karata ikaonekana, akimruka mtu katika zamu, au akimpa mmoja karata iliyozidi, swali huzuka papo hapo: hasara ya kosa hili imwangukie nani?

Swali hili si la majumba ya kamari peke yake. Talatala, katika nchi ya Kyela kaskazini mwa Ziwa Nyasa, penye mpunga, kakao na michikichi, mvua ni nyingi, na saa za kungoja ikatike si chache. Watu wanne na karata kuukuu watosha kulizusha. Karata zenyewe ni wageni wa zamani katika lugha yetu: kopa, shupaza, uru, pau na turufu ni maneno tuliyoyapokea kwa Wareno. Wahidisitini, mchezo wa pwani, jina lake ni la Kiarabu, na maana yake ni sitini na moja. Nayo ni nusu ya pointi 120 na moja zaidi. Pointi moja yaamua nani ameshinda. Basi karata moja iliyokwenda pasipo pake si jambo la kupuuzwa.

Hukumu zitolewazo ni tatu. Wa kwanza asema karata zikusanywe, zichanganywe, zigawiwe upya. Wa pili asema mchezo uendelee, maana bahati haina macho. Wa tatu asema mgawaji aadhibiwe. Kila hukumu ina haki yake, lakini si kwa wakati mmoja.

Kabla mtu hajatazama karata zake, kugawa upya hakumdhulumu yeyote. Wote wana tumaini moja, wala hapana aliyepata kitu cha kunyang'anywa. Baada ya kutazama, hali hugeuka. Aliyeshika ree ya turufu ataka mchezo uendelee. Aliyeshika takataka akumbuka ghafula kwamba sheria ni sheria. Kila mmoja asema neno la haki, na kila mmoja asukumwa na karata zake. Ndiyo sababu hukumu ya kosa yapasa kuwekwa kabla ya kosa, wakati ambapo hakuna ajuaye litamfaa nani. Wachezaji wa poka wamelifahamu jambo hili. Kanuni za Tournament Directors Association, chama kilichoanzishwa mwaka 2001, zasema kwamba wachezaji wawili wakiisha kutenda kwa zamu, na mmoja wao ameweka fedha, mgao mbovu haufutwi tena kwa sababu ya kosa la kugawa. Mlango wa malalamiko hufungwa watu wanapoanza kuona faida zao.

Yuko atakayepinga. Atasema kwamba karata isiyoonwa ni sawa na nyingine yoyote. Aliyerukwa hakupoteza kitu, kwa kuwa karata aliyoikosa ingaliweza kuwa njema au mbaya kwa kadiri moja. Kwa hesabu ya bahati, asema kweli. Lakini utaratibu wa zamu haukuwekwa kwa ajili ya bahati. Uliwekwa kwa ajili ya mashahidi. Macho hayaoni nia ya mgawaji. Huona mkono wake tu. Mkono ukiruhusiwa kutangatanga kwa sababu haudhuru, siku moja mwizi atavaa vazi la mkosaji, na hapatakuwa na wa kuwatenga.

Aristotle, katika kitabu cha tano cha maadili yake, alitofautisha mambo matatu: madhara yasiyotazamiwa, kosa lisilo na nia mbaya, na dhuluma ya makusudi. Mgawaji aliyeteleza yumo katika la kwanza au la pili. Kumwadhibu kama aliye katika la tatu ni kumfundisha kuficha kosa lake siku ya pili. Wala tusisahau kwamba barazani ugawaji huzunguka, na mgawaji wa sasa ndiye mchezaji wa baadaye; bali katika nyumba ya kamari mgawaji ni mtu wa mshahara, na ukali wa meza waweza kumkosesha mkate. Arudishe mambo mahali pake akiweza. Akirudia na kurudia, kazi ya kugawa apewe mwingine.

Lakini macho yetu hukazana mno kumtazama mgawaji hata tukamsahau mtu mmoja: yule aliyepokea karata iliyozidi akanyamaza. Mgawaji hakujua, yeye ajua. Tangu dakika aliyoihesabu mikononi mwake, kosa si la mgawaji tena. Limehama, na kwa mwenyeji wake mpya limebadili jina, likawa wizi. Ndivyo ilivyo pia kwenye mizani ya kakao na chenji ya dukani. Mkulima aliyepunjwa kilo moja hupaza sauti, na ana haki. Aliyezidishiwa kilo moja huona mizani ni nzima. Aliyenyamaza hawezi kujitetea kwamba hakuianza hila, maana ameimaliza.

Na msamaha? Ni mwema, lakini una mwenyewe. Asameheye ni yule aliyepoteza. Aliyefaidika akisema, «Tusamehe, ni mchezo tu,» ametoa sadaka mali ya mwenziwe.

Wanyakyusa wana neno ukwangala, yaani kukaa pamoja kwa furaha na adabu; Monica Wilson alilieleza katika kitabu chake Good Company cha mwaka 1951. Mtu aweza kudhani kwamba ujamaa wa namna hiyo hautaki sheria, kwamba jirani asimhesabie jirani karata. Naona kinyume chake. Wageni wakigombana mezani huachana. Majirani watakutana kesho njiani, shambani na msibani. Wao ndio wenye haja kubwa ya kukubaliana mapema kosa litatengenezwaje, ili likitokea lisitafute mtu wa kumchukia. Sheria iliyowekwa kabla ya karata kugawiwa si dalili ya kutoaminiana. Ni heshima ambayo kila mmoja humpa mwenziwe wakati angali hajui nani kati yao ataihitaji.