Je, Yafaa Kuipangia Kesho Wakati wa Maradhi?

Katika maswali yanayorudi mara kwa mara kwenye darsa yetu, hapana lililozua mjadala mrefu kuliko hili: je, yampasa Muislamu, hali maradhi ya kuambukiza yamewazunguka watu, kuipangia kesho yake, au yampasa akae angoje amri ya Mola wake? Wako wanaosema kwamba kupanga ni upungufu wa tawakkul. Wako wengine wanaosema kwamba hapana maana ya kupanga lolote mpaka balaa iondoke na mambo yarudi kama yalivyokuwa. Makundi haya mawili hugombana sana, lakini sisi twaona yamekutana mahali pamoja, kwani yote mawili yameiacha kesho bila ya mwenyewe. Na kwa kuwa korona ilitudhihirishia matokeo ya fikira hizi hapa Garissa na Kaskazini Mashariki kwa jumla, tumependa kulieleza jambo hili kwa urefu kidogo.

Kwanza na tuyakumbuke mambo yalivyokuwa, kwani miaka michache tu imepita na watu wameanza kuyasimulia kama ngano. Mgonjwa wa kwanza katika Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Siku chache baadaye skuli zikafungwa, kisha misikiti na makanisa, na tangu tarehe 27 Machi ikawa marufuku mtu kuonekana nje kuanzia saa moja ya usiku hata saa kumi na moja ya alfajiri. Tarehe 22 Aprili Mandera ikafungiwa njia za kuingia na kutoka. Mwisho wa mwezi huo ikawa zamu ya kambi za Dadaab, wanamoishi wakimbizi zaidi ya laki mbili. Mwezi wa Mei ukafungwa mtaa wa Eastleigh kule Nairobi, ambao bidhaa zake ndizo zinazojaza maduka yetu na fedha za jamaa walioko huko ndizo zinazopika vyungu vingi vya Garissa. Na tarehe 16 ya mwezi huo ukafungwa mpaka wa Somalia.

Mtu wa mbali angedhani kwamba watu wetu walipigwa na mshangao. Lakini mzee wa hapa aliyeishi chini ya sheria ya hatari, iliyowekwa mwishoni mwa mwaka 1963 na isiondolewe hata mwaka 1991, hakuhitaji kufundishwa maana ya kafyu. Wala maradhi hayakukuta nyumba iliyotulia. Mwishoni mwa mwaka 2019 nzige walikwisha ingia kwa upande wa Mandera na Wajir, kwa wingi ambao Kenya haikuuona kwa miaka sabini. Mwezi wa Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, nao walimu wengi waliotoka sehemu nyingine za nchi wakahamishwa kutoka wilaya zetu. Kwa hiyo watoto wengi walikwisha kosa mwalimu kabla ya amri ya kufunga skuli kutolewa. Korona ilikuwa mgeni wa tatu kupiga hodi mwaka huo.

Serikali ilitangaza kwamba kinga kubwa ni kuosha mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka. Agizo hili halikuwa gumu kwa mtu wa mjini aliye karibu na Mto Tana, anayeweza kununua maji ya mkokoteni wa punda. Lakini lilimfikiaje mfugaji wa Fafi au wa Wajir, ambaye hutayamamu kwa mchanga kwa sababu maji aliyo nayo ni ya kunywa yeye na wanyama wake? Sharia imemkhafifishia, maradhi hayamkhafifishii. Tukaambiwa pia watoto watasomeshwa kwa redio na televisheni, na masomo hayo kweli yakatangazwa, lakini kwa mtoto anayechunga mbuzi masafa ya siku mbili kutoka barabarani yalikuwa kama hayakutangazwa. Masoko ya mifugo nayo yalipofungwa, mwenye ngamia ishirini akawa maskini mwenye mali, hawezi kumuuza hata mmoja apate kununua unga. Hija ya mwaka huo ikahudhuriwa na watu wachache tu waliokuwa tayari ndani ya Saudi Arabia, na wafugaji wa Somalia, jirani zetu na ndugu zetu, wakakosa soko lao kubwa la mwaka.

Ama Ramadhani ya mwaka 1441, iliyoingia mwishoni mwa Aprili 2020, hiyo haitasahauliwa. Tarawehe zilisaliwa majumbani. Mwanamume ambaye kwa miaka mingi alisimama nyuma ya imamu alijikuta ndiye imamu wa mkewe na wanawe, na sura alizozihifadhi hazijai kiganja. Twajua nyumba ambazo baba, kwa haya ya jambo hilo, aliketi mbele ya mwanawe wa duksi amsahihishie matamshi yake. (Hatuoni aibu yoyote katika hilo. Aibu ni kwamba ilihitaji maradhi ya dunia nzima ili baba huyo aketi.) Na misikiti ilipofunguliwa mwezi wa Julai, kwa masharti ya watu wasiozidi 100 na kwa muda wa saa moja, waliokatazwa kuhudhuria ni walio chini ya miaka 13 na walio juu ya miaka 58; basi mzee wa safu ya kwanza na mjukuu wa safu ya nyuma wakabaki nyumbani pamoja.

Sasa turudi kwenye swali letu. Mwanzoni walikuwako waliosema kwamba haya ni maradhi ya wasafiri wa ndege, na kwamba mtu atawadhaye mara tano kila siku hayatamfika. Maneno haya yalisemwa hata na watu wenye vilemba. Twawauliza: je, Abu Ubayda bin al-Jarrah hakuwa akitawadha? Muadh bin Jabal hakuwa akisali? Wote wawili, nao ni katika wabora wa masahaba, walikufa kwa tauni ya Amwas katika nchi ya Sham, mwaka wa 18 wa Hijria. Udhu ni ibada na ni usafi, lakini hatujaona popote kwamba Mwenyezi Mungu ameahidi kuwa ni ngome ya kuzuia kifo.

Na kisa cha tauni hiyo chafaa kusimuliwa kwa ukamilifu, kwani ndani yake mna jibu. Sayyidna Umar alikuwa njiani kwenda Sham, akafika mahali paitwapo Sargh, akapata habari kwamba tauni imeingia huko. Akawataka shauri Muhajirina, wakakhitilafiana. Akawataka shauri Ansari, wakakhitilafiana. Akawaita wazee wa Kikureshi, nao kwa kauli moja wakamwambia arudi na watu. Abu Ubayda akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Umar akakiri kwamba naam, anaikimbia, lakini anaikimbilia kadari nyingine ya Mwenyezi Mungu huyo huyo. Kisha akampigia mfano ambao twadhani watu wa Garissa wangeuelewa kabla hajaumaliza: mtu ana ngamia, ameteremka kwenye bonde lenye pande mbili, upande mmoja una malisho na wa pili ni mkavu. Akilisha kwenye malisho, si kwa kadari ya Mungu? Na akilisha kwenye ukame, si kwa kadari ya Mungu vile vile? Baada ya hapo akaja Abdurrahman bin Auf na hadithi ya Mtume (S.A.W.) iliyokataza kuiingia nchi yenye tauni, na kutoka katika nchi hiyo kwa mwenye kuwa ndani yake.

Msomaji atazame vizuri. Umar hakujua kitakachotokea, na kutojua kwake hakukumfanya akae. Alitafuta shauri mara tatu, akachagua, kisha akageuza ngamia. Wafugaji wetu hufanya hivyo hivyo kila mwaka. Kabla ya kuhama humtuma kijana mwenye macho mazuri atangulie kutazama mvua ilinyesha wapi na majani yameota wapi, na kazi hii Wasomali huiita sahan. Hatujapata kumsikia mfugaji hata mmoja akimwambia kijana huyo kuwa safari yake ni kukosa imani. Iweje basi jambo lililo halali kwa malisho ya mbuzi liwe haramu kwa afya ya watoto?

Wala mtu asidhani kwamba kukusanyika kwa dua peke yake kwatosha. Ibn Hajar al-Asqalani, ambaye tauni ilimchukulia mabinti zake watatu na akaandika kitabu kizima juu yake, ametaja kwamba katika mji wa Cairo, mwaka wa 833 wa Hijria, watu walitoka jangwani kwa wingi kuomba dua, na vifo baada ya mkusanyiko ule vikazidi badala ya kupungua. Mwenye kuyasema haya ni mshereheshaji wa Sahih Bukhari. Mtu asije akatuambia tumeyatoa kwa Wazungu.

Kundi la pili ndilo linalotuhuzunisha zaidi, kwa sababu kosa lake halina kelele. Hawa hawakuikana korona. Walisema tu: tungoje ipite. Neno la Inshallah, ambalo ni ahadi ya mtu kwamba atajitahidi na mwisho wake amemwachia Mola, likawa kwao ni kifuniko cha kufunikia kazi zisizofanywa. Na katika kungoja huko, jambo lililoshindwa kungoja lilikuwa ni mabinti zao.

Uchunguzi wa afya uliofanywa nchini mwaka 2014 ulionesha kuwa katika Kaskazini Mashariki karibu wanawake wote wenye miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa. Skuli, pamoja na upungufu wake wote, ilikuwa ni mahali ambapo msichana huhesabiwa kila asubuhi, na akikosekana huulizwa. Ilipofungwa hakuna aliyeuliza. Habari za wasichana waliokeketwa na walioozwa katika miezi ile zilienea katika sehemu zetu, na sababu iliyotolewa na mawalii ilikuwa moja: skuli imefungwa, amekaa bure, na haijulikani itafunguliwa lini. Ati haijulikani! Madarasa matatu yalirudi tarehe 12 Oktoba 2020, na wote waliobaki tarehe 4 Januari 2021. Ilikuwa miezi tisa na kitu. Kwa ajili ya miezi tisa msichana wa miaka kumi na minne amefungwa fundo la maisha yake yote, na baba aliyelifunga ni yule yule aliyesema kwamba haifai kuipangia kesho. Kumbe aliipanga, ila aliipanga kwa ajili ya mwingine, bila ya kumuuliza.

Twajua litakalojibiwa, nalo lataka insafu. Baba huyo hakuwa na soko la kuuzia, alikuwa na vinywa vya kulisha, na mahari ilikuwa mbuzi wanaoonekana kwa macho, hali skuli ilikuwa ahadi ya serikali ambayo kwa miaka mingi haikumpa ahadi iliyotimia. Hatumcheki. Asiyewahi kuiona kesho njema ni vigumu kumuuzia kwa mkopo. Lakini dhiki humpa mtu udhuru katika mali yake, haimpi udhuru katika mwili wa mtu mwingine. Hata mwenye njaa aliyehalalishiwa nyamafu hakuhalalishiwa kumdhulumu mwanawe.

Na hiyo hali ya zamani iliyokuwa ikingojwa, ilirudi? Korona haijatulia bado, mvua zikakatika tangu mwishoni mwa mwaka 2020, na misimu mitano mfululizo ikapita bila ya kunyesha vya kutosha hata mwaka 2023, na mizoga ikatapakaa kando ya barabara. Kisha mwishoni mwa mwaka huo huo yakaja mafuriko, Tana ikafurika, na barabara ya Madogo iliyo mlango wa Garissa ikakatwa na maji. Aliyesema mwezi wa Machi 2020 kwamba ataanza kazi mambo yakitulia, huenda bado ameketi pale pale.

Dawa ya chanjo ilifika Nairobi tarehe 3 Machi 2021, na mabishano juu yake wasomaji wanayajua, hatutayarudia. Tutataja tu jambo moja lililotokea karibu na sisi. Kwa maelfu ya miaka watu waliihesabu ndui kuwa sehemu ya maisha kama njaa na uzee, na asingepatikana mtu wa kuamini kwamba itakuja siku isiwepo. Mtu wa mwisho duniani kuipata kwa njia ya kuambukizwa kama ilivyo kawaida alikuwa Msomali, Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali katika mji wa Merca, mwezi wa Oktoba 1977. Ili kufika kwake, wafanyakazi wa chanjo waliwafuata wahamaji kambi kwa kambi, kisima kwa kisima, katika nchi isiyo na barabara, wakiuliza kila mahali kama yuko mwenye vipele. Mwezi wa Mei 1980 ikatangazwa kwamba ndui imekwisha ulimwenguni. Maalin alipona. Alieleza baadaye kwamba alikuwa ameikwepa chanjo kwa kuogopa maumivu yake, na alipokuwa mtu mzima akajitolea kuwatembelea wazazi wa Kisomali nyumba kwa nyumba, akiwasimulia habari yake ili watoto wao wachanjwe polio. Mwaka 2013, polio ilipozuka tena Somalia na pande za Dadaab, alirudi katika kazi hiyo, na alikuwa bado yumo ndani yake aliposhikwa na homa ya malaria mwezi wa Julai na kufariki.