Kobe aliyefungiwa juani: Ni ipi dhima ya mfugaji?

SIFA zote njema zinamstahikia Allah (s.w.), Mola wa viumbe vyote, na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na maswahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu msomaji, siku moja baada ya swala ya Alasiri alinijia kijana wa mtaani kwetu amebeba beseni lililofunikwa kwa kanga. Ndani mlikuwa na kobe mdogo aliyekwisha kufa. Akasema: "Sheikh, nimemuua mimi. Nilimuweka katika tangi la kioo lililokuwa la samaki, nikaliacha barazani penye kivuli, nikafunika juu ili paka wasimfikie. Niliporudi kazini jua limegeuka, kioo kinaunguza mkono. Je, nina dhambi?"

Wapo watakaocheka. Watasema watu wana njaa na madeni, na huyu analilia kobe! Lakini Mtume wetu (s.a.w.) hakucheka alipomuona ngamia wa mtu mmoja wa Ansari akitokwa na machozi. Alimpapasa nyuma ya masikio, kisha akamwita mwenyewe na kumuonya amche Allah kwa mnyama aliyemmilikishwa (Abu Daud). Na katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, tunaelezwa habari ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka. Alimfungia, hakumlisha wala hakumwachia akajitafutie mwenyewe.

Tuizingatie hadithi hii. Paka aliye huru ana miguu yake na riziki yake kwa Mola wake. Ukishamfungia, haja zake zote zinahamia shingoni mwako. Wengi wetu tunadhani haja hizo ni chakula na maji tu. Kwa kobe, kinyonga, mjusi na jamii yao, ipo haja nyingine isiyopungua chakula, nayo ni joto.

Allah (s.w.) ametuumba sisi miili yetu ikijitengenezea joto, ikisimama kwenye nyuzijoto 37 mvua inyeshe au jua liwake. Kobe hakuumbwa hivyo. Yeye huchukua joto la nje. Asubuhi hutoka kuota jua, likizidi hujikokota hadi kichakani au shimoni, likipungua hutoka tena. Kutembea kwake ndiko kunakomhifadhi. Basi ukimuweka ndani ya kioo juani, joto linaingia na halitoki, naye hana pa kukimbilia. Hatoi jasho kama wewe, wala hapigi kelele ukamsikia. Joto la mwili wake likivuka nyuzijoto 40 hivi, mauti yako karibu.

Baridi nayo ina madhara yake. Ndugu zetu walioko Uingereza au Kanada, ambao huwanunulia watoto wao wanyama hawa, wajue kuwa kobe wa nchi zetu akikosa joto chakula hakisagiki tumboni, kinga ya mwili inashuka, na maradhi ya kifua yanamwingia. Mwenyewe anamuona ametulia, anadhani amelala.

Basi mwenye kufuga ayashike haya. Kwanza, asimpe joto la aina moja tu. Upande mmoja wa makazi uwe wa kuotea joto, kiasi cha nyuzijoto 32 hadi 35 kwa kobe wa kwetu wa madoa, na upande wa pili uwe wa kivuli, karibu na nyuzijoto 25, ili achague mwenyewe. Pili, apime. Mkono haupimi, ziwekwe pima joto mbili, moja kila upande. Tatu, anayetumia balbu ya joto aiunganishe na thamostati, yaani kifaa kinachozima na kuwasha umeme chenyewe joto likifika kiwango, na aizungushie wavu mnyama asiiguse. Nne, tangi la kioo lisiwekwe kamwe panapofikiwa na jua, hata kama asubuhi pana kivuli. Kivuli kinahama.

Tena lipo jambo la kabla ya hayo yote. Kobe wa porini ni mnyamapori, na hapa Tanzania Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 haimruhusu mtu kumuokota na kumfuga bila kibali. Anayemnunua njiani kwa mtu asiye na kibali ameanza ufugaji wake kwa kosa.

Nikamjibu kijana yule: Hukukusudia, na Allah anajua ulimfunika kwa kumhurumia. Hali yako si ya yule mwanamke aliyemwacha paka wake makusudi. Lakini ulichukua dhima kabla ya kuijua. Omba maghfira, usichukue mwingine, na uwafundishe wenzako lililokupata. Ama atakayejua kisha akapuuza, huyo hana udhuru.

Na sisi tuliobaki tusijione tumesalimika kwa kuwa hatufugi kobe. Kuku wanaoshinda matengani juani pale sokoni ni wa nani? Mbuzi wa Idd wanaosafirishwa siku nzima juu ya lori, wamebanana, hawana tone la maji, wananunuliwa na nani? Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa Allah ameamrisha wema katika kila jambo, hata katika kuchinja, kisu kinolewe na mnyama apumzishwe (Muslim). Ikiwa anayekwenda kuchinjwa ana haki hiyo, itakuwaje kwa uliyemfungia ili akufurahishe?

Basi tumche Allah kwa viumbe hawa wasiosema. Leo kabla hujalala, mwenye banda akaangalie banda lake, na mwenye tenga akaangalie tenga lake. Twamuomba Allah atujaalie huruma na atusamehe tuliyoyafanya kwa kutojua. Amin.

Wabillahi tawfiq.