Kijani Si Kimoja, Mjukuu Wangu

Mjukuu wangu, nasikia mwezi ujao unapanda ndege kwenda Guangzhou kununua vitambaa vya duka letu la Kikuubo. Kaa kwanza, jajja wako akwambie habari ya kijani.

Agizo langu la kwanza kule niliandika neno moja tu: kijani. Moyoni nilitaka kiragala, rangi ya jani la mgomba lililokatwa alfajiri, kabla halijafungiwa matoke. Nikaletewa majora ya kijani kilichokolea hadi kukaribia weusi. Hakuna mama aliyekitaka kwa gomesi ya harusi. Aliyeniuzia hakunidhulumu. Mimi ndiye niliyedhani neno langu litafika na jani lake.

Sisi Waganda tumezitoa rangi shambani. Kiragala imetoka kwenye endagala, majani ya mgomba. Kyenvu imetoka kwenye menvu, ndizi zilizoiva. Waswahili nao wana kijani cha jani na manjano ya bizari. Wakantoni wa Guangzhou hawako mbali nasi. Kijani kwao ni luk, na mbele yake hutia kitu: mak luk ni kijani cha wino, chou luk cha nyasi, gwo luk cha tunda. Nilicholetewa kilikuwa cha wino, nami nilitaka cha nyasi.

Wana pia neno jingine la kijani, ching, ambalo mazungumzoni mara nyingi husikika cheng. Hilo usiliharakishe. Mboga za majani ni cheng choi, kijana ni ching nin, na uso uliopauka kwa hofu nao ni cheng. Usiseme lugha yao imechanganya mambo. Sisi husema tunda bichi, nguo mbichi, kuni mbichi, na hakuna anayepotea.

Jambo moja zaidi, na hili nakuonya: usimpe mwenyeji wako kofia ya kijani. Kule, kumwambia mwanamume amevaa kofia ya kijani ni kumwambia mkewe ana mwanamume mwingine. Wengi huona aibu hata kuijaribu dukani.

Chukua kipande hiki cha gomesi ya bibi yako. Kiweke juu ya meza ya muuzaji kabla hujataja rangi yoyote, kisha mtoke nacho nje mkilinganishe na jora juani, maana taa za dukani hubadili kijani. Zawadi ya kofia, nunua nyeusi.